Pumzi ya Mado Mtoni

Mwishoni mwa kiangazi mto Kafubu ulinuka matope na majani yaliyoungua. Huko ndiko kanisa letu dogo la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, lilikobatiza watu kwa kuwazamisha. Dada yangu Mado, mgonjwa wa pumu, aliingoja siku hiyo kwa hamu. Lakini maji yalipomfika shingoni akaanza kuhema, na maneno ya kuungama imani yakamkatikia mdomoni. Shemasi akamrudisha ukingoni. "Iko pepo ndani yake, inaogopa mayi. Afunge kwanza." Maana yake Mado, mwembamba kama ufito, angefungiwa katika chumba cha maombi bila chakula mpaka pepo atoke.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kesho yake nikaingia katika pipa letu la uani, mimi nisiye na pumu, nikaimba nione kama ni pepo au ni maji. Nikiwa nimesimama, maji kiunoni, wimbo ulitoka vizuri. Nilipochuchumaa yakanifika shingoni, kifua kikabanwa kama kwa mkanda, na ubeti haukufika mwisho. Nikamwita mama, mwimbaji ambaye pumzi yake ndefu ilisifiwa kanisa zima.

"Weye mutoto, unabishana mpaka na shemasi?"

"Hapana, mama. Ingia tu, uimbe."

Alivua kilemba, akaingia, akachuchumaa. Sauti yake ikakatika katikati ya neno. Akanitazama, akajaribu tena, ikakatika tena. "Basi na miye niko na pepo?"

"Mama, na weye utafunga!" Mado, aliyekuwa akitutazama kando ya pipa, alicheka mpaka akakohoa.

Jioni ile ile mama alikwenda kwa mchungaji. "Papa Pasta, mayi inabana kila kifua. Mupeleke mutoto pasipo na kina, apige magoti." Mchungaji akakubali. Jumapili Mado alipiga magoti, maji kiunoni, akaungama bila kukatika, akalazwa majini mara moja, akainuka akicheka.

Miaka baadaye chuo kikuu kilinipa sababu: maji hubana tumbo na kusukuma juu msuli ulio chini ya mapafu, huku damu ya miguuni ikipanda kujaa kifuani. Siku hizi sisali tena katika kanisa lile, na maswali yangu yamezidi. Tangu siku ile ya pipa nimewauliza wakubwa wengi, wenye vyeo na diploma, na wengi wameniambia ninyamaze. Bado nauliza, kwa sababu mtu mzima wa kwanza niliyemwonyesha shaka yangu alivua kilemba akaingia majini.