Aliyeniitikia Wimbo wa Kinu

Nakumbuka siku moja ya kutwanga muthokoi, mwanangu, miaka ile ya tisini nilipokuwa mke mpya kule Kathiani. Mahindi hayo huondolewa maganda kwa kinu, na wanawake hutwanga wawili wawili: mmoja anaimba, mwenzake anaitikia, michi ikipokezana. Siku hiyo nilikuwa peke yangu. Mume wangu alikuwa amewafukuza majirani wote, eti wananiharibu. Kanisani nisiende, kwa mama yangu Masii nisiende. Ningefanyaje? Niliimba, kisha nikajiitikia mwenyewe.

Mume wangu alinisikia. Tayari alikuwa ananitafutia sababu, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia nitakwenda kumwona mama apende asipende. Akanipeleka hospitali ya akili, akasema nazungumza na watu wasiokuwepo na kwamba nataka kutoroka nyumbani. Nilipokana kwa kelele, nikaonekana mgonjwa zaidi. Basi nikanyamaza. Wenzangu wodini walikuwa wagonjwa kweli, na walinitendea wema ambao sikuupata nyumbani kwangu. Usije ukawacheka watu hao. Lakini dawa nilizomezeshwa hazikuwa zangu. Ziliufanya ulimi wangu uwe mzito, na mume wangu alisisitiza nikae huko mpaka niache ukaidi.

Kisha akaja mama mkwe. Wewe hukumjua, alikuwa mtu wa maneno machache na hasira za karibu, nami nilimwogopa. Nilidhani amekuja kumtetea mwanawe. Daktari akamweleza kwa upole kwamba mkazamwana wake hujisemesha na kujijibu. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba, akaweka kiondo chake chini.

"Daktari, wimbo ya kinu ni ya watu wawili," akasema. "Kijana yangu amefukuza wanawake wote kwa boma. Ulitaka nani amjibu?"

Palepale akaanza kuimba, akipiga meza kwa kiganja. Midomo yangu ilikuwa mizito, lakini zamu yangu ilipofika niliitikia. Tukaimba mpaka mwisho. Daktari, Mungu ambariki, akavuta kiti na kuniuliza mimi mwenyewe yaliyotokea. Hakuna aliyekuwa ameniuliza tangu nilazwe. Nikayasema yote, nikilia. Mwaitu akanigeukia.

"Na wewe, kila nikikutembelea nikikuuliza unasema uko sawa. Unamfichia nani? Mimi ndiye nilimzaa, namjua."

Daktari alisimamisha dawa, akanichunguza kwa siku kadhaa, kisha akaniruhusu. Mwaitu hakunirudisha kwa mwanawe. Alinipeleka mwenyewe Masii, akanikabidhi kwa mama, na tangu hapo kila mavuno alikuja kutwanga nami. Namshukuru mpaka leo, nikishika mchi namshukuru.

Mwanangu, unaolewa Desemba, na nafurahi kwa ajili yako. Lakini mtu akianza kukuondolea watu wako, hata akisema ni mapenzi, usikae kimya kama nilivyokaa. Sema mapema. Sema kwa mama yako mzazi, kwa daktari, hata kwa mama yake yeye. Na ukipita kwa mtu ukamsikia anaimba peke yake kinuni, usiende zako. Ingia, shika mchi, umwitikie.

Mungu akupe nyumba ambayo wageni hawaogopi kuingia, na kila utakapoanza wimbo, awepo wa kukujibu.