Maini ya Mama Selpha

Mama yangu, Selpha Kavetsa, amepalilia mahindi ya watu Moiben tangu nikiwa mgongoni mwake, na sijawahi kumwona akila firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Kipande kizuri humwendea Baba, Mzee Wabuge, na Mama hujifanya ameshiba. Ndivyo tulivyolelewa hapa Langas.

Basi miguu yake ilipokufa ganzi, slipa zikawa zinamtoka njiani bila yeye kujua, na daktari akasema amepungukiwa vitamini inayopatikana kwenye nyama, nilianza kununua maini kila Jumamosi. Miezi minane. Akazidi kudhoofika. Mimi nina hasira za karibu. Siku moja nikawafokea wote wawili.

"Mama, haya maini unampea Baba!"

"Nimekula, Joy. Yote."

"Wacha kunidanganya!"

Baba alibeba sahani yake ya ugali, akaenda kukaa nje kwenye jiwe la kufulia. Tangu siku hiyo alikula pale peke yake, ili nisimshuku tena. Walikuwa wamekula pamoja miaka thelathini na minane. Mwezi wa nne tulimzika Baba, na sikuwa nimemwomba msamaha.

Mwezi wa sita ndipo Daktari Jerop alipouliza kuhusu kovu la tumboni. Zamani Mama alipasuliwa, utumbo ukaunganishwa upya, ikabaki kona ambamo chakula hukwama. Bakteria walikuwa wamejaa humo.

"Hao bakteria wanaing'ang'ania hii vitamini sana," daktari alisema. "Ikipita wanaidaka, wanaivuta ndani yao, wanajiwekea. Ikifika kwa damu hakuna kitu imebaki."

"Kwa hivyo alikuwa anakula?"

"Alikuwa anakula."

Nililia pale pale kwenye kiti, bila aibu.

Sasa anachomwa sindano, na anameza dawa ya kuwapunguza hao bakteria. Miguu imepata nguvu kidogo. Kuhusu akili yake, ambayo nayo ilikuwa imeanza kupotea, daktari hakuniahidi lolote.

Jana nilimkaangia maini kwa kitunguu, nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, nisamehe. Ulikuwa unasema ukweli."

Alinitazama kwa upole, akaisukuma sahani kwangu.

"Mpelekee baba yako kwanza. Ako pale nje."

Niliichukua, nikatoka, nikaiweka juu ya jiwe.