Nilitumwa Sori Kuchukua Lugha Iliyokufa

Walionitoa Mombasa ni Warumi. Bosi wangu, kijana mwenye studio ya sauti, anatengeneza mchezo wa kompyuta wa vita vya kale: unajenga boma, unafuga ng'ombe, kisha unamvamia jirani. Alikuwa ameona katika michezo ya wenzake kwamba askari wa Kirumi hujibu kwa Kilatini na wa Misri kwa Kimisri cha mafarao, naye akataka majeshi yake ya Waluo wa ziwani yajibu kwa lugha iliyokufa.

"Dholuo ya kale," aliniambia. "Iliyokufa kabisa. Ukirudi mikono mitupu, mashine itasema badala yako."

Mimi ni mtu wa sauti. Yale matangazo ya magodoro mnayoyasikia redioni ni mimi. Mashine ikisema badala yangu, mimi nitasema nini? Nilifunga mizigo siku hiyo hiyo.

Homa Bay nilifika asubuhi, shingo imekakamaa kwa usingizi wa basi. Mwenyeji wangu alikuwa Jared, kiongozi wa maigizo kanisani kwao. Kazi ya kwanza ilikuwa nyepesi: mchezaji akimgusa askari kwa kipanya, askari aseme "Niko tayari," basi. Jared akasogea kwenye maikrofoni, akaanza. Alisema yeye ni nani, mwana wa nani, mjukuu wa nani, ng'ombe wa babu yake walivyokuwa wengi na dada zake walivyo warembo. Alipofika kwenye utayari wenyewe, chai yangu ilikuwa imepoa.

"Fupisha, ndugu yangu. Adui anakuja."

"Akuje tu," akasema Jared. "Kwani hii askari yako haina baba? Mtu anatumwa kufa na hajasema ni wa nani?"

"Lakini hiyo ni Dholuo ya kale?"

"Ni ya Jumamosi. Tulikuwa harusi."

Kumbe ndiyo pakruok, majigambo ambayo watu wa huko hujipamba nayo penye ngoma na sherehe, na ambayo haijawahi kufa hata siku moja. Niliyachukua hivyo hivyo, nikijua kwamba katika mchezo wetu jeshi zima litachinjwa likiwa bado linataja babu zake.

Ilibaki sauti moja, na ndiyo bosi aliyoililia zaidi: ukelele wa boma lililovamiwa. Jared alisema hiyo ni nduru, ukelele wa hatari au wa msiba, na kwamba shangazi yake wa Sori akipiga nduru husikika hadi visiwani. Tukashika njia ya Rodi na Ndhiwa. Njia nzima alinitania kwamba Kiswahili changu kinafanana na taarifa ya habari.

Sori ilitupokea kwa upepo wa ziwa na harufu ya omena, dagaa wa huko, walioanikwa juani. Shangazi, Mama Adhiambo, anaishi peke yake karibu na maji. Alitusikiliza kwa adabu mpaka nilipotaja nduru.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Ni ya mchezo."

"Nduru haina mazoezi, mwanangu. Ukipiga, umepiga."

Nilimsihi. Nilimweleza habari za mashine itakayochukua kazi yangu, na uso wangu, nadhani, ulikuwa wa mtu aliyefiwa tayari. Akanihurumia. Akafunga mlango, akafunga dirisha, akajifunika shuka kichwani ili sauti isitoke nje.

"Uuuuwi!"

Nywele zilinisimama. Kabla sijazima kinasa sauti, mlango ulikuwa umefunguliwa kwa teke. Walikuja wanawake wenye magamba ya samaki mikononi, wanaume wenye mapanga na makasia, na mmoja mwenye povu la sabuni masikioni. Mchungaji alifika akiwa ameshaanza kuomba.

"En ng'a? Ni nani?" wote waliuliza kwa pamoja.

Jared, mwigizaji mahiri, alitazama dari. Ikabidi niseme mimi: hakuna aliyekufa, kuna kompyuta. Mzee mmoja akauliza kama hiyo kompyuta ndiyo imekufa. Wengine hawakucheka. Mwenye povu alimgeukia Mama Adhiambo akasema, "Umetukimbiza bure, mama. Siku ingine tutakaa tu."

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nimefanya. Mama Adhiambo hana mlinzi wala king'ora. Ana nduru tu. Alikuwa ameitumia kwa ajili ya magodoro yangu, na sasa huenda isimletee mtu siku atakapoihitaji. Nilitamani ardhi inimeze.

Yeye hakupoteza muda kulia. Alisimama mlangoni, akatandaza mikono. "Hakuna mtu anarudi bure. Mguu imekimbia kwangu lazima ikule kwangu. Kaeni!" Kisha akanigeukia. "Wewe, mwiko iko hapo."

Kuku wote wa mama walikwisha. Mimi, msanii kutoka pwani, nilisonga sima ya kijiji kizima kwa jasho huku wanawake wakitoa maoni yao juu ya mikono yangu. Watu walikula, wakasamehe kwa kadiri walivyoshiba, na yule mwenye povu alikuwa wa mwisho kuondoka. "Ukiita tutakuja," alimwambia mama. Ndipo nilipopumua.

Wakati wa kuagana nilimwachia mama pesa za kuku wengine. Naye akaniachia sharti. "Enda nayo. Lakini ukipiga kwenu na mtu akuje, mpe kiti."

Nilicheka. Mombasa, nani aje?

Suna, Migori, nikisubiri basi la kurudi, nilimpigia bosi nikamsikilizisha. "Haina ukale," akasema. "Iko kama ya leo. Ongeza mwangwi."

Nyumbani Mombasa nikaongeza mwangwi. Ili kuupima, nikafungua spika zote kubwa na kubonyeza. "Uuuuwi!" Jengo letu lina ghorofa nyingi na watu tele. Nikasikia dirisha moja likifungwa.

Kisha ngazi zikalia kwa miguu. Alikuwa Mama Awuor wa ghorofa ya chini, ambaye kwa miaka nimemjua kwa salamu za ngazini tu. Alikuwa na ndara mguu mmoja, kilemba kimefunguka, mwiko mkononi, na machozi yameshaanza.

"En ng'a? Ni nani ametuacha?"

Niliona aibu mpaka masikioni, na ndani ya aibu hiyo furaha ambayo sikuistahili. Nikavuta kiti.

"Karibu, mama. Hakuna aliyekufa. Kaa, nikueleze."

Nilibandika maji ya sima. Yakiwa yanachemka, nilimwandikia bosi kwamba nimezunguka Homa Bay hadi Migori, na lugha iliyokufa sikuiona. Aiambie mashine ipige kelele, kwa kuwa mashine ikilia hakuna atakayekimbia.

Mama Awuor alinitazama nikisonga, akasikitika, akainuka na mwiko wake.

"Toka hapo," akasema. "Sasa hiyo sima yako ndiyo kitu ya kupigia nduru."