Mkono Mpaka Kwenye Kiwiko

Kwetu pamba ilichaguliwa kabla haijatoka nyumbani. Ilimwagwa juu ya jamvi uani, mama akakaa amenyoosha miguu, na kila tonge likapita vidoleni mwake. Nyeupe ilikwenda kulia, hiyo ndiyo safi. Yenye madoa ya njano, iliyofyonzwa na wadudu au iliyoshika majani, ilikwenda kushoto, hiyo ndiyo fifi. Alifundishwa na mama yake huko Sola. Mimi nilijaribu nikashindwa, maana nilikuwa mwepesi wa kusema, "Hii nayo itapita."

Mnunuzi alikuwa mmoja tu, chama cha msingi cha ushirika cha kijiji, na nyuma ya chama ilikuwepo serikali. Karani wa chama alikuwa na tabia iliyotutia woga. Kabla ya kupima alizamisha mkono ndani ya furushi mpaka kwenye kiwiko, akachomoa pamba ya katikati, akaitazama. Akikuta fifi imechanganywa na safi alisema neno moja, "Kachague." Basi ulikaa chini pale pale uani kwa chama ukachagua upya, majirani wakipita wanakusalimu kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Mama hakuwahi kuambiwa kachague. Miguu ilimsumbua, kwa hiyo pamba niliipeleka mimi kwa tela la ng'ombe, na nikirudi, hata nira sijaifungua, aliuliza, "Kasemaje?" Hakuuliza bei. Bei ilitangazwa redioni na ilikuwa moja kwa wote. Mwaka mmoja karani alisema, "Hii ni ya kumfunikia mtoto mchanga." Mama aliishi na kauli ile mpaka mavuno yaliyofuata.

Sitaki kukisifia chama kuliko kinavyostahili. Kilichukua pamba kikatupa karatasi, na fedha zikaja tumeshapanda nyingine. Mdogo wangu wa kike alirudishwa nyumbani kutoka shule, maana ada hailipwi kwa karatasi. Na mizani ya chama watu waliinung'unikia vile vile. Nikisimulia habari hizi wanangu husema nalilia zamani. Sijui. Pengine ni kweli.

Halafu likaja soko huria. Tulilisikia redioni, tukaliona siku lori liliposimama ng'ambo ya ghala la chama, na juu yake kijana wa mjini mwenye kofia ya kampuni, analipa hapo hapo. Nilifika na mafurushi mawili kama kawaida, kubwa na dogo.

"Hilo dogo nini?" akauliza.

"Fifi."

"Mjomba, mimi nanunua pamba. Mambo ya fifi sijatumwa. Changanya."

Nikasita. Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na jirani yetu mmoja akapaza sauti, "Mwaga bwana! Unadhani anataka kuioa?" Watu wakacheka, nami nikacheka, nikamwaga. Ilipimwa bila mkono wa mtu kuingia ndani.

Nyumbani mama akauliza, "Ng'wanawane, kasemaje?"

"Kasema ni safi, mayu."

"Kaingiza mkono?"

"Kaingiza."

"Mpaka wapi?"

Nikamwonyesha kiwiko changu. Akatabasamu, akaendelea kupembua mchele. Tangu nimalize darasa la saba nilikuwa na daftari la kuandikia mambo ya kila siku, na siku ile niliandika: "Pamba ya mayu imekaguliwa. Safi." Ninalo mpaka leo. Nashindwa kuelewa kwa nini nililidanganya hata daftari, ambalo hakuna mtu aliyelisoma.

Mdogo wangu alirudi shule. Hilo nalo lazima liandikwe.

Malori yakawa mawili, yakawa matatu, wanunuzi wakagombania wakulima kama makonda. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kutazama pamba, maana akitazama sana mwenzake anaichukua. Watu wakaanza kuinyunyizia maji ili iwe nzito, kisha wakatia mchanga. Bwana shamba akaitisha mkutano. Alisema mchanga unavunja misumeno ya jineri, kiwanda kinachotenganisha pamba na mbegu, na kwamba huko nje inakouzwa, pamba yetu imeanza kushuka jina. Mzee mmoja akamjibu, "Bwana shamba, mizani yao inakula. Sisi tunailisha tu." Tulimpigia makofi. Bwana shamba alikuwa na haki, na mzee alikuwa na haki. Serikali ilikuwa imetuambia chagueni, halafu ikanyamaza, halafu imerudi kutukaripia, nayo pengine haikuwa na njia nyingine. Mimi nilijua tu kwamba mama bado anakaa jamvini, anagawa kulia na kushoto, na kwamba kila mwaka nikifika kwenye kona ya lambo, asikoniona, nachanganya.

Mwaka wa tatu nami nikatia mchanga. Niliutoa mtoni, mkavu, mweupe, nikaumwaga katikati ya furushi alfajiri kabla mama hajaamka. Wakati nafunga ng'ombe akatoka na kanga yake nzuri, amejifunga kichwani.

"Leo twende wote," akasema. "Nataka nisikie mwenyewe."

"Miguu, mayu."

"Miguu itakaa kwenye tela."

Njia nzima alisalimia watu. "Mwangaluka! Napeleka pamba." Mafurushi yalikuwa mawili, na lambo tulilipita bila kusimama. Kwenye lori kijana alikuwa yule yule. Akaamuru mafurushi yote mawili yatundikwe mizanini. Mama akanivuta shati, akaniuliza kwa Kisukuma mbona haingizi mkono. Nikamwambia, ana haraka. Akauliza tena, kwa nguvu zaidi, na wapakiaji mizigo wakaangua kicheko.

Kijana hakucheka. Labda na yeye alikuwa na mama. Alishuka, akakunja mkono wa shati, akazamisha mkono katika furushi kubwa mpaka kwenye kiwiko.

Ulitoka na pamba, na mchanga ukimtiririka kati ya vidole. Kila aliyekuwa karibu aliona. Akanitazama, kisha akamtazama mama, akasema, "Mama, hii safi."

Macho ya mama hayakuwa mazuri miaka ile. Aliushika mkono wa yule kijana kwa mikono yake miwili, kama mtu anayeshukuru, na akasema, "Wabeja." Nikaona vidole vyake vikisugua kiganja cha kijana, taratibu, mara mbili.

Kurudi hakusalimia mtu. Pamba aliendelea kuichagua kila msimu, lakini "Kasemaje?" sikuisikia tena. Niliacha mchanga. Hakuuliza.

Alilala kitandani miezi miwili kabla ya kufariki, na wiki za mwisho hakututambua. Mchana, jua likiingia dirishani, vidole vyake vilianza kazi juu ya shuka. Vilinyofoa kitu kisichokuwepo, vikakipeleka kulia. Vikanyofoa kingine, vikakigeuza, vikakipeleka kushoto. Watu wa kanisani waliokuja kumwombea walisema ni homa. Mimi nilikaa nikitazama, nikijaribu kuhesabu upande upi unapata zaidi.

Siku moja niliweka mkono wangu katikati ya shuka, nikamwambia, "Mayu, nilitia mchanga." Vidole vikaufikia. Vikaupapasa kiganjani, vikapanda mpaka kwenye kifundo, vikarudi. Halafu akausogeza kushoto.

Mdogo wangu alikuwepo, na yeye husema mama alitaka nafasi tu, mkono wangu ulikuwa umemzuia. Inawezekana. Ni mtu mkweli, na alikuwa amekaa karibu kuliko mimi. Nimeandika maelezo yake kwenye daftari, chini ya yangu.