Redio Zinazongoja Umeme

Kwa miaka ishirini na mbili Mama Bertille ndiye aliyeandika ruhusa ya treni kuondoka Kalemie. Hakuiandika kabla Papa Hippolyte, mwenzake wa gare, yaani stesheni, inayofuata, hajamwambia kwenye simu ya waya kwamba njia ni tupu. Simu ile ilikwaruza, na mara nyingine ilikatika, lakini fundi alipanda nguzo na kesho yake walisikilizana tena.

Mwaka jana akaja injinia Thierry na makasha ya redio mpya. Alieleza kwa upole kwamba reli itawekewa umeme, na umeme mkubwa namna ile ukipita kando ya nyaya za simu unazijaza kelele. Kwa hiyo nyaya zitolewe.

"Nimeelewa, Papa Injinia. Na umeme wenyewe utafika lini?"

"Iko mu mupango, Mama."

"Treni zetu zinakunywa mazutu, si umeme. Mungetuachia waya mpaka siku ile."

Alijibiwa kwamba kutoa waya ni kazi ya timu nyingine. Baada ya wiki tatu waya wote ulikuwa umepakiwa kwenye behewa. Redio zikafungwa kila gare, zimetengenezwa kutumia umeme wa reli. Kwa muda zikapewa betri na kibao cha umeme wa jua. Mvua zilipoanza, mawingu yalikaa siku nne juu ya ziwa, nazo zikazimika.

Asubuhi hiyo treni ya abiria ilikuwa tayari. Bertille aliita, akaita. Papa Évariste, shefu mwenye kusimamia gare, akaingia ofisini.

"Andika ruhusa, Mama. Watu wanalalamika."

"Sijamusikia Hippolyte. Nikiandika, naandika uongo."

Shefu akajaribu simu ya mkononi. Huko Hippolyte hupata mtandao akipanda kilima tu, na hakujua anatafutwa. Wakatuma mtu wa pikipiki na barua; jibu kwamba njia ni tupu lilirudi kesho yake. Wanawake waliolala barazani na magunia yao ya ndagala, dagaa wa ziwani, walimtukana Bertille, maana ndiye waliyemwona dirishani. Alilia chooni, akanawa uso, akaandika ruhusa.

Aliomba kwa barua tatu waya urudishwe. Jibu likaja moja: amechaguliwa kwenda Lubumbashi kujifunza mawasiliano ya reli za umeme. Alikwenda, akarudi na cheti.

Sasa Hippolyte hupanda kilima saa moja na saa saba, mvua au jua, ili Bertille ampigie. Mwakani Hippolyte anastaafu.

"Huyo atakayenifuata, wamemwambia habari ya kilima?" alimwuliza wiki iliyopita, akihema.

Bertille alisema ataandika barua kuhusu hilo pia.