Asubuhi Bendera Ilipovuka Barabara

Shule yetu ilikuwa upande wa juu wa barabara, kwenye kilima unapotoka Butembo kwenda Beni, na nusu ya watoto wake walikaa upande wa chini. Zamani hilo halikumsumbua mtu. Kulikuwa na askari wa roulage, mwenye kofia na filimbi, aliyesimama pale kila asubuhi na kuzuia magari mpaka watoto wavuke. Vita vilipokuja akaenda zake, hakuna aliyejua wapi, na barabara ikabaki mali ya mwenye mbio.

Mimi nilifundisha darasa la kwanza. Nasema wazi kwamba sina uvumilivu. Mume wangu alikuwa akisema hasira zangu zinakaa karibu na mlango, na sikuwahi kumbishia. Asubuhi moja ya mvua, gari la wanajeshi lilimgonga msichana wa darasa langu mbele ya macho yangu, likamvunja mguu, wala halikupunguza mwendo. Nilimbeba mpaka kituo cha afya nikilia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira kuliko cha huzuni. Niliporudi nilimwambia mkuu wa shule, ambaye sote tulimwita directeur, kwamba kuanzia kesho nitasimama barabarani mimi mwenyewe.

Nilichukua fimbo ya kuonyeshea ubaoni, nikaifunga kitambaa chekundu, nikaenda. Madereva wa malori walinielewa siku ile ile. Wale waliotoka Kayna na viazi na kabichi walipunguza mwendo tangu kwenye kona, wakasimama mbali kiasi kwamba mtoto angeweza kufunga kamba ya kiatu katikati ya njia. Mmoja wao, mzee mwenye Fuso lililochoka, alizima injini kabisa, akashuka na kuweka jiwe chini ya gurudumu.

“Papa, jiwe ya nini?” nikamwuliza.

“Madame, freins yangu haiko ya kuaminia. Na mie niko na batoto tano.”

Huyo ndiye ninayemwita dereva. Breki mbovu, akili nzima.

Wanajeshi walikuwa habari nyingine. Kitambaa changu hawakukiona, au walikiona wakacheka. “Longwa na nzela!” walinipigia kelele kwa Kilingala, yaani niondoke njiani. Siku ya tatu pickup yao ilinipita karibu hata kioo chake kikanigonga kiwiko, nikaangukia mtaroni na sketi yangu nzuri. Watoto walicheka kwanza, kisha wakaanza kulia.

Nilikuwa bado na tope mwilini bendera ilipopandishwa. Kwetu, bendera ikipanda na wimbo wa taifa ukiimbwa, kila kitu kinasimama. Mwenye kikapu anasimama nacho kichwani, mwenye baiskeli anashuka, gari linazimwa. Vita vilitubadilishia wakubwa mara nyingi, lakini desturi hiyo hakuna aliyeigusa. Basi nikiwa nimesimama wima, nikatupa jicho barabarani. Pickup nyingine ya jeshi ilikuwa imesimama katikati, na wanajeshi wote wameshuka, bereti mkononi, wametulia kama wanafunzi wangu siku ya inspekta. Nilikasirika. Kumbe breki walikuwa nazo.

Jioni nilikwenda kwa directeur. Nyumba yake ilikuwa upande wa chini wa barabara, na bendera ililala kwake tangu wanajeshi walipokaa wiki nzima madarasani mwetu na kufanya madawati kuni. Kila asubuhi aliivusha kwapani, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki.

“Directeur,” nikamwambia, “kesho ile bendera hapana kuvuka mu sachet. Ivuke wazi, na batoto nyuma yake, banaimba.”

Akaweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, aliyeletwa kwetu na serikali kabla ya vita, na aliogopa wakubwa wa kila aina. “Madame, bendera haiko muchezo. Bakituona vile, batatufunga.”

“Basi batufunge. Mais mutoto mwengine akigongwa, ni weye utaenda kuambia mama yake?”

Mwishowe akakubali, shingo upande. “Donc, weye ndiye utatembea mbele.”

“Nitatembea mbele.”

Asubuhi iliyofuata wanafunzi wanne wa darasa la sita waliishika bendera kwenye pembe zake nne, na wengine wote wakapanga mstari nyuma yao. Gari la jeshi lilikuwa linashuka kilima. Nilipiga moyo konde, nikaingia barabarani na kitambaa changu, nikaanzisha wimbo. Gari likaja, likaja, halafu likasimama, vumbi likatufunika sote. Wanajeshi waliangaliana. Hakuna aliyetaka kuwa yule aliyekanyaga bendera. Wakashuka, wakavua bereti, na watoto wakavuka mmoja mmoja mpaka wakaisha.

Tulifanya hivyo wiki nyingi. Hakugongwa mtoto hata mmoja.

Halafu ikaja asubuhi ya msafara. Magari sita yalikuwa yanakimbilia Beni, ambako watu walikuwa wanapigana, na mbele alikuwa commandant mwenyewe, mkubwa wa wanajeshi wote wa kwetu. Watoto nao walikuwa wengi kuliko siku zote, maana waliokimbia vita kutoka upande wa Mbau walikuwa wamefikia kwa ndugu zao kule chini, wakatuletea watoto wao. Msafara ulisimama, injini zikazimwa, bendera ikafika ng'ambo, wimbo ukaisha, na nusu ya mstari ilikuwa bado haijavuka. Nikasikia injini zinawashwa. Niligeukia wale waliokwisha kufika juu, nikainua fimbo: tuanze tena. Wakaanza tena. Ulipoisha mara ya pili, nikainua fimbo mara ya tatu.

Commandant alishuka. Alikuja kwa miguu, mrefu, mkono kiunoni penye bastola, na sauti za watoto zikaanza kuyumba.

“Madame, ile wimbo inaisha saa ngapi? Batu banakufa kule Beni, na mie niko hapa nasikiliza chant ya batoto!”

Nilitaka kukimbia. Lakini nilijua kwamba nikitoka pale, magari sita yatapita kwa mpigo, na wale wadogo wageni, wasiojua barabara yetu, watakuwa katikati. Nikaamua moyoni: akitoa amri ya kupita, nitakaa chini pale pale barabarani.

“Inaisha, commandant,” nikamjibu. “Mutoto wa mwisho akimaliza kuvuka, inaisha.”

Alitazama nyuma yangu. Mstari ulikuwa unaendelea mpaka chini kwenye njia ya miguu, wadogo wameshikana mashati. Aliwatazama, akaitazama bendera kule ng'ambo, akanitazama mimi, sikushusha macho. Kisha akawageukia madereva wake.

“Zima!”

Injini zikazimika moja baada ya nyingine. Akavua bereti, akasimama kando yangu kwenye vumbi. Watoto walipoanza wimbo mara ya nne, naye aliimba, kwa sauti mbaya sana, mpaka wa mwisho akafika ng'ambo.