Mguu Mmoja Uliopauka

Jinzi iliyoanikwa kwenye jua la Jeddah hukauka ikawa ngumu kama ngozi. Nilipopanda juu ya paa la nyumba nilimofanya kazi, mtaa wa Al-Safa, kuanua za binti wa bosi, nilizikuta kwenye kamba miguu imetanuka, magoti yamejikunja kidogo, kama mtu aliyetaka kupiga hatua akasita. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Baadaye nikawa nazianua bila kuzitazama.

Binti mwenyewe alisoma chuo kikuu, na ingawa nje zilifichwa na abaya, alikuwa na jinzi za kila namna. Za kubana, ambazo alishazichoka. Zenye miguu mipana, zile wazee wetu waliziita bugaluu. Alinisomea kwenye simu kwamba zilitokana na suruali za mabaharia. Za kiuno cha juu zilikuwa za madam, mama yake, tangu ujana wake, akazitunza kabatini mpaka fasheni ikarudi.

"Na zote zilianza kwa wachimba migodi," aliniambia siku moja nikipiga pasi. "Ulijua?"

Hilo sikulijua. Nilichokijua ni kile kilicholala mbele yangu: jinzi iliyopauka, na pale paja linapoanzia kuna mistari myeupe iliyotawanyika kama masharubu ya paka. Mistari ile haikuja kwa kuvaliwa. Kuna mtu aliyeitia.

Dada yangu mkubwa alifanya kazi hiyo, kwetu Kenya, kwenye kiwanda cha nguo za kuuzwa ng'ambo. Mguu wa mpira uliojazwa hewa ulivikwa suruali mpya, naye akaisugua kwa msasa hadi ionekane kuukuu.

"Nazizeesha," alipenda kusema, "ili watu wasiofanya kazi waonekane wamechoka."

Kila jioni alirudi nyusi zimejaa vumbi la buluu. Kisha kikaja kikohozi. Daktari alisema ni mapafu, hakuongeza neno. Alipofariki tulimwosha mimi na shangazi, na buluu ilikuwa bado kwenye mashina ya kucha. Tulisugua, haikutoka. Mwaka uliofuata nikaja Saudia.

Baba wa nyumba alipohamishiwa kazi Riyadh, tulihama wote. Huko madirisha yalikaa yamefungwa kwa sababu ya vumbi la jangwani. Ndani ya chumba kilichofungwa hivyo, asubuhi moja, binti aliniita. Alikuwa ameketi sakafuni na jinzi mpya, nyeusi kwa ubuluu, na vipande vya msasa.

"Nataka kuipausha mwenyewe," alisema. "Yalla, nisaidie. Mimi mkono wangu hauna nguvu."

Nilipiga magoti nikaanza. Dada hakuwahi kunifundisha, wala sikuwahi kukanyaga kile kiwanda. Lakini mkono ulikwenda wenyewe: mistari mitatu mifupi, mmoja mrefu wa kukata upande, kisha duara pana juu ya goti. Mguu mmoja ulipokamilika niliutazama. Nilikuwa nimeiona mistari ile, vilevile, kwenye sketi yangu ya shule, ambayo dada aliichezea kwa msasa siku moja tukicheka.

Hapo nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu.

Sikugeuka upesi. Nilijua kikohozi kile, kikavu, kinachoanza kidogo kidogo kama mtu anayeomba radhi. Nilipogeuka alikuwa ni binti, amejiziba mdomo, na mwanga wa dirishani umejaa chembe za buluu.

"Toka nje!" nikamwambia. "Toka sasa hivi!"

Hakuna siku niliyowahi kumpandishia sauti. Nilifungua dirisha, nikakusanya msasa wote nikautupa. Alinifuata jikoni akitaka kujua amekosa nini, nikamsimulia habari za dada kwa Kiarabu changu cha kuungaunga.

"Alikufa kwa sababu ya jinzi?"

"Sijui. Waliniambia mapafu."

"Halas," akasema. "Mguu wa pili tuuache."

Nilidhani ataitupa. Badala yake aliivaa kwenye mkusanyiko wa marafiki zake, mguu mmoja umepauka, mwingine mweusi. Kesho yake alinikuta nikikatakata vitunguu.

"Wote waliipenda. Wanataka kama hii. Waliniuliza nimeipata duka gani."

"Ukawajibu nini?"

"Nimewaambia mafi, haipatikani." Alisita. "Nimewaambia aliyeitengeneza amefariki."

Niliweka kisu chini. Sikumwambia kwamba aliyeitengeneza ni mimi, naye alikuwepo, aliniona nikisugua. Pengine alisema tu kwa heshima. Pengine aliona kitu ambacho mimi, kwa kuinama, sikukiona. Sikumuuliza. Niliketi kwenye kiti cha jikoni, naye akanimiminia maji, akasimama kando yangu mpaka nilipomaliza kunywa.